Zamu ya Maji ya Jumanne

Mwanangu Namsifu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza makande ya jana, kisha ukapanda bodaboda kwenda mlimani kumuaga bibi yako. Utarudi jua likizama. Kesho alfajiri tunashuka Makanya kusubiri basi la Dar, na keshokutwa utakuwa njiani kwenda Ujerumani. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja wa kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka kumi na mmoja.

Mambo ya masweta, ya chakula cha huko na ya watu wa kuwaepuka, shangazi yako amekwisha kukueleza, na mengine ameyarudia mara tatu. Mimi sina la kuongeza. Theluji ninayoijua ni ile ya Kilimanjaro, ninayoiona kwa dirisha la basi nikienda Moshi, na hiyo haijawahi kunitia baridi.

Nianze na wiki iliyopita, pale barazani, nilipokuuliza unakwenda kusoma nini hasa. Watu wananiuliza nami hujibu tu, "Anasomea dawa ya kansa," halafu nanyamaza kabla hawajauliza zaidi. Ukaniambia ni nanochembe. Ukasema ni vipira vidogo mno, unywele mmoja una unene wa karibu vipira elfu moja, na ndani yake mnafungia dawa. Ukasema uvimbe wa kansa hujijengea mishipa ya damu harakaharaka, na kwa kuwa imejengwa ovyo ina matundu, basi vile vipira vinapita kwenye matundu hayo, vinaingia kwenye uvimbe na kuimwaga dawa humo humo. Tena juu ya kila kipira mnaweza kubandika kitu kinachoitambua seli ya kansa na kuishika. Mwili uliobaki unaachwa na amani yake.

Nikakuambia, "Kumbe ni kama ndiva yetu." Ukacheka, lakini ukakubali. Ndiva inajaa maji ya mto usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa, na maji yanafuata mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Hayamwagwi bondeni kote. Ukaniambia, "Sawa baba, ila tatizo letu ni kwamba nanochembe nyingi hazifiki. Zinakamatwa kwenye ini. Zinazofika kwenye uvimbe ni chache." Nikasema hata mfereji wetu unavuja. Tukacheka wote wawili, ukaniambia ningefaa kuwa mwalimu wako.

Sikulala vizuri siku ile. Tulikuwa tumetaja maji na zamu katika mazungumzo ya kansa, ugonjwa uliomuua mama yako, wala hukujua tumegusa nini.

Ile kesi ya maji unaijua kwa jina tu, maana ulikuwa bweni Same. Watu wa mjini hututania kwamba Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe ili aishinde kesi ya kuku. Wakinitania hivyo mimi hucheka kama wengine. Sikiliza sasa kesi yenyewe ilivyokuwa.

Siku niliyokupeleka kuanza kidato cha kwanza, huku kijijini kulikuwa na msaragambo, kijiji kizima kikizoa tope ndivani. Nilikuwa nimetuma salamu kwa mdomo kwamba sitakuwepo. Binamu yangu Yoeli ndiye aliyekuwa mgawa maji mwaka ule. Akasema salamu hazikumfika, na desturi inajulikana, asiyezoa tope hana maji. Akaichukua zamu yangu ya Jumanne, zamu aliyoniachia babu yako, akampa mtu mwingine kwa msimu mmoja. Msimu mmoja tu, Namsifu. Ningeweza kuomba maji ya jirani, ningeweza kupanda mihogo na kungoja. Mama yako alisema hivyo hivyo. Nami nikamjibu kwamba leo wakinichukulia Jumanne, kesho watanichukulia shamba.

Nikaenda kwa wazee wa ndiva. Sikuridhika. Nikaenda baraza la kata. Yoeli naye hakuridhika. Tukafika mahakamani Same. Nilinunua daftari kubwa, nikawa naandika kila neno la kila shahidi, na mwandiko wangu unaujua, hakuna mkulima kijiji hiki anayeandika kama mimi. Nilikuwa na furaha, nisikudanganye. Nilikuwa naamka asubuhi nikijua adui yangu ni nani na kwamba haki iko upande wangu. Ni raha kubwa hiyo, na mtu akishaionja anaweza kuacha mengi yaharibike.

Sasa nakuja kwenye lile nililolificha.

Kesi ilikuwa na miezi mitano. Ulikuwa mchana, mama yako alikuwa jikoni anachambua maharage, nami nimekaa mlangoni na daftari langu. Akaja akakaa karibu nami, akaushika mkono wangu akauweka chini ya kanga, kwenye titi la kushoto. Akasema, "Hapa. Umeisikia?"

Niliisikia. Ilikuwa ndogo, ngumu kama punje ya mahindi makavu, na haikusogea nilipoibonyeza.

Nikamuuliza, "Inauma?"

"Haiumi."

"Kama haiumi, tungoje kidogo. Alhamisi kesi inatajwa. Tumalize hili kwanza."

Akasema, "Haya." Akarudi kwenye maharage yake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jioni ile ile alifunga mkoba. Aliweka kanga mbili, sabuni, kadi yake ya kliniki na lile sweta la kijivu, akausukuma chini ya kitanda. Alidhani Alhamisi ikipita tutakwenda Moshi. Alhamisi ilipita, kesi ikaahirishwa, nikarudi nyumbani nimekasirika, naye hakunikumbusha siku ile kwa sababu aliiona hasira yangu.

Alinikumbusha baada ya miezi mitatu. "Baba Namsifu, ile punje imekua." Nikaangalia. Ilikuwa kubwa sasa, na ngozi imevutwa kwa ndani kama kitovu. Niliogopa. Mtu mwenye akili angeogopa akasimama. Mimi niliogopa nikakimbilia pale nilipokuwa na nguvu, nikamwambia mashahidi wa Yoeli wanamalizia mwezi huu. Ili nafsi yangu itulie nikamletea mizizi kutoka kwa mganga mmoja wa kule bondeni. Unajua kwa nini nilimchagua huyo? Alikuwa shahidi wangu wa pili. Hakutaka malipo, alitaka tu nisisahau kumtaja vizuri mbele ya hakimu. Mama yako aliichemsha ile mizizi akanywa kila asubuhi, na mimi nikiona sufuria jikoni najiambia kwamba matibabu yanaendelea.

Kuna yule mtamba mwekundu ambaye mama yako alipewa na mama yake, huyo bibi yako uliyekwenda kumuaga leo. Nilimuuza nimlipe wakili. Nilimwomba mama yako ruhusa, akasema, "Ng'ombe ni wa nyumba hii." Sasa fikiria. Mtamba yule alikuwa safari nzima ya Moshi, kwenda, kulazwa na kurudi. Mama yako alijua hivyo, nami nilijua, na tulisimama pale zizini tukimwangalia akifungwa kamba.

Nilishinda. Hukumu ilisomwa asubuhi, na mchana nilikuwa nyumbani na nakala yenye muhuri. Nilimkuta mama yako amekaa kitandani, maana mgongo ulikuwa umeanza kumuuma na alikuwa hasimami kwa muda mrefu. Nikamsomea ukurasa wa mwisho kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hongera, baba Namsifu." Kisha akainama, kwa taabu, akautoa ule mkoba chini ya kitanda, akauweka magotini.

Akasema, "Sasa twende?"

Namsifu, maneno hayo mawili nimeishi nayo kila siku tangu wakati ule. Hakuyasema kwa uchungu. Aliuliza kama mtu aliyekaa kwenye foleni akaona zamu yake imefika.

Bodaboda hakuiweza kwa sababu ya mgongo. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, wanaume wanne. Wa mbele upande wa kulia alikuwa Yoeli. Nilikuwa nimemshinda siku tatu tu kabla, na hakuna aliyemwita, alisikia tu akaja. Njia nzima hakuniambia neno la kesi. Alikuwa anasema, "Taratibu hapo, kuna jiwe." Tulipomfikisha kwenye gari alimwambia mama yako, "Shemeji, pole sana, sikujua." Mama yako akamjibu kwamba hakuna aliyejua. Nilidhani anampa moyo tu. Sikuelewa kwamba ameshaanza kunisitiri.

Huko Moshi daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima, akakaa, akauliza, "Mama, uliiona lini mara ya kwanza?"

Kabla hajafungua mdomo mimi nikasema, "Hakuniambia, daktari. Nimejua juzi."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Yalitoka yenyewe, kama yale niliyozoea kuyasema mahakamani, ya kumtupia mwenzako lawama kabla hajakutupia. Mama yako aligeuka akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, mwanangu, na hakukuwa na hasira machoni mwake, labda ningeiweza hasira. Kisha akamgeukia daktari akasema, "Ndiyo. Sikumwambia. Niliona haya." Daktari akaandika hivyo kwenye faili.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwa kidato cha tatu na ulikuwa likizo. Zile dripu zilimwangusha nywele, zikamchubua mdomo hadi akashindwa kumeza uji. Wewe ndiye uliyeshika beseni. Siku moja ulimuuliza nesi kwa nini dawa haijui inakokwenda, kwa nini inachoma mdomo wakati ugonjwa uko kwenye titi. Nesi akasema dawa inakwenda kila mahali, binti, ndivyo ilivyo. Ukanuna wiki nzima. Najua ni pale ulipoanza safari unayoiendeleza kesho, na ninajivunia swali lile kuliko vyeti vyako vyote. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yako nikijua kwamba kuna swali lingine kabla ya lile, na mwenye jibu lake ni mimi.

Alipofariki, wasifu wa marehemu niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Mchungaji akausoma mbele ya umati: "Marehemu alianza kuugua bila kumwambia mtu yeyote, akavumilia kwa siri." Watu wakatikisa vichwa. Nyuma yangu shangazi yako akasema kwa sauti ya chini, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Hakukusudia ubaya, alikuwa analia. Yoeli ndiye aliyekuwa ameongoza vijana kuchimba kaburi.

Jioni yake uliniambia, "Baba, mama ametufanyia vibaya. Angesema tu." Ulikuwa na macho makavu. Ningeweza kusema pale pale. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umevaa sketi ya shule kwa sababu hukuwa na nyingine nyeusi, na mimi nilikuwa nimebaki na wewe peke yako. Nikasema, "Mama yako alikuwa msiri." Kwa maneno manne nikamzika mara ya pili.

Na tangu hapo umejenga juu ya uongo wangu. Kile kitabu cha utafiti wako wa shahada ya pili ulikileta nyumbani kikiwa na jalada gumu, ukanifungulia ukurasa wa kwanza: "Kwa mama yangu, aliyenyamaza." Nikasema ni maneno mazuri. Ulipoomba nafasi hii ya Ujerumani ulinisomea ulichoandika, kwamba wanawake wa milima yetu huficha ugonjwa kwa haya, na kwamba ukirudi utapita vijijini kuwafundisha kusema. Nikasema ni maneno mazuri pia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa zizini mpaka uliponiita kula.

Si haki nikuache uende na hilo. Wapo wanawake wanaoficha, sikatai. Lakini ukija kuwafundisha kusema, wengi watakuangalia tu, kwa sababu walishasema zamani. Walisema jikoni na shambani, wakaambiwa mavuno yaishe, mtoto amalize mtihani, kesi isomwe. Ukirudi na dawa zako, usianze nao. Anza na sisi tuliokaa mlangoni na daftari. Wewe unatafuta namna dawa itoke kwenye mshipa ifike kwenye uvimbe isipotee kwenye ini. Kazi kubwa hiyo, Mungu akusaidie. Mama yako hakufika hata kwenye mshipa. Alipotea hapa nyumbani, kati ya jiko na mlango, hatua kama sita.

Sikuambii haya ili unionee huruma. Kwa kweli kuna siku najichukia mpaka chakula hakipiti, na siku nyingine nakula vizuri tu, ndivyo binadamu alivyo. Nakuambia kwa sababu una kichwa changu. Nimekuona ukibishana na wenzako kwenye simu kuhusu nani alifanya jaribio gani kwanza, jina la nani litangulie, na nimeona yale macho. Wewe huwa uko sahihi, nami nilikuwa sahihi. Hukumu inasema hivyo, ina muhuri. Huko unakokwenda watakuonea mara moja au mbili, watakuchukulia zamu yako. Mengine yapiganie, sitakuambia uwe mnyonge. Ila siku moja ukiwa katikati ya ugomvi ambao haki ni yako, mtu wako akaja akakaa karibu kuliko kawaida, weka kalamu chini.

Unataka kujua maji ya Jumanne yako wapi? Twende ukaone kabla hujaondoka, kama bado utataka kutembea nami. Vijana hawaji tena kwenye msaragambo, tope limejaa nusu ya ndiva, na kinachonifikia Jumanne hakiloweshi hata matuta mawili. Mwaka ule wa kwanza baada ya msiba maji yalikuwa mengi. Yoeli mwenyewe alikuja kuniamsha, akasema, "Ndugu, ni zamu yako." Nikatoka na jembe, nikafungua, nikayaangalia yakipita katikati ya shamba ambalo sikuwa nimepanda kitu. Yoeli alisimama nami. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Kwa hiyo ujue kwamba wewe ndiye mtu wa kwanza kuyasoma haya, na bibi yako atakuwa wa pili, maana Jumapili nitapanda mlimani kumwambia kwamba binti yake hakuwa msiri.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye begi lako, chini kabisa, uikute ukiwa umeshafika na mimi niko mbali nisiuone uso wako. Nilishaikunja mara moja hata. Kisha nikakumbuka ule mkoba chini ya kitanda, nikaona nyumba hii imeficha vitu vya kutosha. Nitakupa mkononi jioni hii, kukiwa bado na mwanga, na nitakaa hapa hapa barazani mpaka uimalize. Uniulize unachotaka. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi yako nitaelewa, begi nitakubebea mpaka kwake.

Utakapoandika kitabu kingine, ule ukurasa wa kwanza uubadilishe. Mama yako alipouficha ukweli, kwa Yoeli na kwa daktari, aliuficha kwa ajili yangu. Mara nyingine zote alisema, na mimi nilimsikia.

Na kama ukishasoma yote haya bado utataka nikusindikize Makanya kesho alfajiri, huna haja ya kunieleza wala kunisamehe. Niambie tu "twende." Safari hii nitasimama nikiambiwa mara ya kwanza.

Baba yako.